Pou-du-Ciel: ndege ya mbao yenye kila mtu aliweza kujijengea, na kosa lenye mwenye kuichora hakuliona

Pou-du-Ciel ni ndege ndogo sana ya mbao na kitambaa, ya kiti kimoja, yenye Mfaransa Henri Mignet alichora na kurusha mara ya kwanza mwezi wa 9 mwaka wa 1933. Kwa Kiswahili jina lake ni «chawa wa angani». Kwenye michoro inaitwa HM.14, yaani herufi za jina la Mignet na namba ya mchoro. Ndege hii haikuzaliwa kwenye kiwanda. Watu waliijenga kwenye magaraji, kwenye ateliye za maseremala, hata ndani ya nyumba zao, wakifwata kitabu kimoja tu. Kwa muda wa miaka mitatu hivi ilipendwa kama hakuna ndege nyingine ya watu wadogo iliyowahi kupendwa. Kisha ikaanza kuua, na serkali zikaingilia.

Tunaieleza hapa kwa sababu kuna swali moja lenye linarudi mara nyingi kwenye simu za wasikilizaji, hasa vijana mekanisie: je, mtu anaweza kujijengea ndege na iruke? Jibu ni ndiyo. Watu wamefanya hivyo kwa maelfu, kule Ufaransa, Uingereza na Marekani, na wengine wanaendelea leo. Lakini swali la pili ndilo zito zaidi: ndege ikisharuka vizuri mara mia moja, hiyo inatosha kusema kwamba ni salama? Hapo Pou-du-Ciel ina mambo mengi ya kutuonyesha.

Sisi wakaaji wa mashariki ya Kongo tunajua faida ya ndege ndogo kuliko watu wenye kuishi kando ya barabara nzuri. Pale njia imekatika, ao haipitiki juu ya usalama, dawa na wagonjwa vinapita hewani. Na kujitengenezea chombo si jambo geni kwetu: chukudu yenye inateremsha viazi na makaa kuja Goma imetoka kwenye mikono ya mafundi wetu, kwa mbao, misumari na raba ya pneu ya zamani. Mignet angependa chukudu, naamini hivyo.

Mtu wa radio

Henri Mignet alizaliwa mwaka wa 1893. Hakuwa injinia wa ndege. Kazi yake ilikuwa ya radio, mambo ya waya, lampi na mawimbi, lakini tangu ujana wake alikuwa anajenga ndege mwenyewe. Nyingi kati ya zile za kwanza hazikufanya vizuri. Ile yenye ilimjulisha kwa watu ni HM.8, ndege ya bawa moja, ya kawaida, yenye alitoa michoro yake kusudi wengine pia waweze kuijenga.

Kulikuwa na jambo moja lenye lilimkera. Ndege ya kawaida inaongozwa kwa mikono na miguu pamoja. Mkono unashika kijiti, ambacho marubani wanaita manshi: ukikisukuma mbele pua inashuka, ukikivuta pua inapanda, ukikipeleka kando bawa moja linainama. Miguu nayo inakanyaga pedale za kugeuza usukani wa mkia. Vyote viwili vinapaswa kwenda pamoja. Ukikosea kupatanisha mkono na mguu, hasa wakati ndege inaenda polepole karibu na udongo, bawa moja linaweza kuachwa na hewa, ndege ikaanguka huku inazunguka kama pia ya watoto. Wakati ule ajali ya namna hiyo ilikuwa imeua marubani wengi. Mignet aliona kwamba mtu wa kawaida hatazoea kazi hiyo ya mikono na miguu, na yeye mwenyewe hakuipenda. Basi akaamua: nitatengeneza ndege yenye haiwezi kufanya kosa hilo.

Alichukua hema, akaenda kujaribu mbali na watu, kwenye pori karibu na Soissons, upande wa kaskazini-mashariki wa Paris. Ni pale ndipo HM.14 iliruka. Mwaka wa 1934 akatoa kitabu chake, Le Sport de l'Air, chenye kimejaa michoro na maelezo. Kimeandikwa kama vile mtu anaongea na rafiki yake: namna ya kuchagua mbao, namna ya kupaka kole, namna ya kushona kitambaa, na mwishoni namna ya kujifunza kuruka peke yako, kwanza kwa kutembeza ndege chini, kisha kwa kuruka kidogo kidogo juu ya shamba. Mawazo yake ni kwamba mwenye anaweza kupiga misumari kwenye kasha la mbao anaweza kujenga ndege.

Namna ilivyojengwa

Mwili wa Pou-du-Ciel ni kisanduku cha tripleksi chenye kimeimarishwa kwa vipande vya mbao kwenye pembe. Rubani anakaa ndani, kichwa kikiwa nje. Urefu wote ni mita 3 na nusu tu, mfupi kuliko gari ndogo nyingi. Mbele kuna moteri na elisi yake, yaani lile panga lenye kuzunguka na kuvuta ndege. Nyuma kuna usukani mkubwa wa kusimama, na chini yake gurudumu dogo lenye linageuka pamoja nao.

Mtu mwenye amezoea kuona ndege ataona mara moja kitu kimepunguka: hakuna mkia wa kulala. Ndege karibu zote zina bawa kubwa katikati na kibawa kidogo nyuma kwa kusawazisha. Mignet aliweka mabawa mawili, moja nyuma ya lingine. Bawa la mbele, lenye upana wa karibu mita 6 kutoka ncha mpaka ncha, liko juu ya kichwa cha rubani, mbele kidogo. Bawa la nyuma ni fupi zaidi, limefungwa kwenye mwili mgongoni mwake. Yote mawili yanabeba uzito.

Ubunifu wenyewe uko hapa. Bawa la mbele halikufungwa imara. Limeshikwa kwenye egemeo, kama mlango kwenye pate zake, na linainama lote. Ukivuta manshi, kamba za chuma zinateremsha upande wa nyuma wa bawa hilo, kwa hiyo uso wake unaangalia juu zaidi, linashika hewa nyingi, na pua inapanda. Ukiachia, pua inashuka. Ukipeleka manshi kushoto ao kuume, usukani wa mkia unageuka. Basi. Hakuna pedale hata moja, miguu inapumzika. Pia hakuna aleroni, vile vibawa vidogo vyenye ndege za kawaida zinatumia kwa kuinama kando.

Mtu atauliza: bila aleroni inainama namna gani wakati wa kukata kona? Mabawa ya Mignet yana ncha zenye zimeinuliwa juu. Ndege ikigeuzwa na usukani wa mkia, bawa moja linatangulia kidogo, hewa inalipiga kutoka chini kwa nguvu kuliko lingine, linanyanyuka. Ndege inainama yenyewe kwa kiasi chenye kinafaa kwa kona ile. Kwa mtu mwenye hajawahi kuruka, ni rahisi sana: unaonyesha njia, ndege inafanya mengine.

Kwa sifa hii kuna bei ya kulipa. Kama upepo unapiga kutoka kando wakati wa kutua, rubani wa ndege ya kawaida analaza bawa moja upande wa upepo kusudi asisukumwe nje ya uwanja. Rubani wa Pou hawezi, kwani hana kitu cha kuinamisha ndege bila kuigeuza. Kwa hiyo ilihitaji shamba pana ambapo mtu anaweza kutua akiangalia upepo, kwa upande wowote unatokea. Kwenye uwanja mwembamba wenye njia moja tu, kama viwanja vyetu vingi vya ndani, ingekuwa shida kila siku ya upepo.

Nguvu yake

Moteri ya kwanza ya Mignet ilikuwa Aubier-Dunne, ya sentimita kyubu 500, ya namna ya moteri za pikipiki zenye kuchanganya esanse na mafuta. Ilitoa nguvu za farasi 17. Tukumbuke kwamba ndege tupu ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Ukiongeza mtu na esanse kidogo, unafika karibu kilo 200.

Fanya hesabu: kila farasi mmoja anavuta karibu kilo 12. Cessna 206, yenye wengi wetu tumeiona ikitua kwenye viwanja vya vijijini, ina nguvu za farasi 300 na uzito wa juu wa kilo 1 630 hivi, yaani kila farasi anavuta kilo 5 na nusu. Kwa hiyo Pou-du-Ciel iliruka, lakini haikupanda kwa haraka. Mwendo wake ulikuwa kati ya kilomita 40 na 100 kwa saa. Ile 40 ni ya kushangaza: ni mwendo wa pikipiki ndani ya mji, na ndege bado iko hewani. Ile 100 ndiyo mwisho wake.

Hapa kwetu namba hizo zingeshuka tena. Goma na Bukavu viko kwenye mita 1 500 hivi juu ya bahari, Butembo juu zaidi. Kwenye mita 1 500 hewa imepunguka uzito karibu kwa sehemu 14 juu ya mia. Moteri yenye haina kifaa cha kuiongezea hewa inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho, na mabawa pia yanahitaji mwendo zaidi ili kubeba uzito uleule. Farasi 17 za Soissons zingebaki kama 14 na nusu hivi, kabla ya kuongeza joto la saa sita. Kijana mwenye anasoma michoro ya Ulaya aweke jambo hilo kichwani, hata kama hafikirii ndege: jenereta yake pia inajua mita 1 500.

Na ahadi kubwa ya Mignet, ile ya kwamba ndege haitaachwa na hewa kwa ghafla? Kwa upande huo alisema ukweli. Bawa la mbele na lile la nyuma yalikuwa yamekaribiana sana: upande wa nyuma wa bawa la mbele ulipita kidogo juu ya upande wa mbele wa bawa la nyuma, na katikati palibaki mwanya mwembamba. Hewa ikipita kwenye mwanya huo inaongeza mwendo, inalala vizuri juu ya bawa la nyuma na kulisaidia kuendelea kubeba. Rubani akivuta manshi mpaka mwisho na moteri ikiwa polepole, ndege haikuanguka ikizunguka. Ilishuka chini taratibu, tumbo likiwa limelala. Mignet alikuwa amefunga mlango wenye ulikuwa umepitisha vifo vingi.

Homa ya 1935

Mwezi wa 8 mwaka wa 1935 Mignet alivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ndani ya Pou yake. Mwaka huo kitabu kilikuwa kimegeuzwa kwa Kiingereza, na Waingereza wakaita ndege hiyo «kiroboto mwenye kuruka». Kati ya chawa na kiroboto, kila mtu achague mwenyewe. Kitabu kiliuzwa kwa maelfu ya nakala ndani ya miezi michache. Waseremala, walimu, wauza magari, wanafunzi, wote walikuwa na mbao na kole. Serkali ya Uingereza ilitengeneza hata karatasi ya ruhusa ya namna mpya, nyepesi, kusudi ndege hizo zisizo za kiwanda ziweze kuruka. Zaidi ya 100 ziliandikishwa huko, na nyingine nyingi hazikufika kwenye karatasi yoyote.

Tusisahau hali ya wakati ule: ndege ya kiwanda ilikuwa ya matajiri. Mtu wa mshahara aliweza kuangalia tu.

Lakini kila mjenzi alikuwa na mkono wake. Farasi 17 zilionekana kidogo, basi Waingereza wakaweka moteri nyingine: moteri ya pikipiki ya Scott, ao moteri ya gari ndogo Ford yenye ilirekebishwa, zenye nguvu zaidi lakini zenye uzito zaidi pia. Mwingine aliongeza mbao pale alipoogopa itavunjika. Mwingine alisogeza kiti. Kila badiliko linahamisha kitovu cha uzito, ile nukta ambapo ndege ingesimama sawa kama ungeitundika kwa kamba moja. Mwenye kupakiza mtumbwi kwenye Kivu ao Tanganyika anajua maana yake: mizigo ni ileile, lakini ukiisogeza vibaya chombo kinageuka. Kwenye ndege ndogo hivyo, sentimita chache ni nyingi.

Vifo, na jibu la suflari

Ajali zilianza kuongezeka, Ufaransa na Uingereza. Mwaka wa 1936 watu walikufa mmoja nyuma ya mwingine, na namna ya kufa ilifanana: ndege inaruka vizuri, inainamisha pua, pua inaendelea kushuka, na ndege inaingia ndani ya udongo bila kuinuka tena. Wengine walianza kusema ni kosa la wajenzi wasiojua kazi, ao la watu waliojifunza kuruka kwa kusoma kitabu. Maneno hayo yaliishia pale ilipojulikana kwamba kati ya waliokufa Uingereza walikuwamo maofisa wa jeshi la anga, watu wa kazi kabisa. Serkali ya Uingereza ikaacha kutoa ruhusa mpya. Ufaransa pia ndege zikasimamishwa, wakingojea jibu la mafundi.

Jibu lilitafutwa kwa njia yenye ni ya kuheshimu. Hawakubishana tena, walichukua ndege nzima na kuiweka ndani ya suflari. Suflari ni nyumba kubwa ambamo moteri na panga kubwa vinasukuma upepo, ndege imefungwa kwenye mizani, na mizani inasema ni nguvu gani hewa inatia juu, chini, mbele na nyuma. Ufaransa walitumia suflari kubwa ya Chalais-Meudon, karibu na Paris. Waingereza walitumia ile ya Farnborough, yenye mdomo wa zaidi ya mita 7, mahali pa kutosha kwa kuingiza Pou yenye ukubwa wake wa kweli, si mfano wa kitoto.

Mizani ilionyesha hivi. Katika kuruka kwa kawaida, ukivuta manshi bawa la mbele linabeba zaidi, pua inapanda. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini tukumbuke ule mwanya kati ya mabawa mawili. Kuvuta manshi kunateremsha upande wa nyuma wa bawa la mbele, kwa hiyo mwanya unazidi kuwa mwembamba, na hewa yenye kupita hapo inazidi kukimbia juu ya bawa la nyuma. Bawa la nyuma nalo linaanza kubeba zaidi. Na likibeba zaidi linainua nini? Linainua mkia. Mkia ukipanda, pua inashuka.

Kwa siku za kawaida, bawa la mbele linashinda mashindano hayo, rubani hasikii kitu. Lakini kama pua imeshuka sana, mpaka hewa inapiga mabawa kutoka juu kwa pembe ya zaidi ya digrii 15, bawa la mbele linashindwa. Farnborough waliona kwamba kupita pale, hata manshi ikivutwa mpaka mwisho, hakuna tena nguvu ya kutosha kwa kuinua pua.

Sasa jiweke mahali pa yule rubani. Pua inashuka, udongo unakuja. Mkono wa kila rubani duniani, wa shule ao wa kitabu, unafanya kitu kimoja: unavuta. Na kwenye Pou-du-Ciel ya 1934, kuvuta ndiko kulikaza mwanya, na mwanya ndio ulishikilia pua chini. Ule mwanya wenye ulikuwa unamlinda rubani asianguke akizunguka, ndio huohuo ulimfungia njia ya kutoka. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kukumbuka juu ya ndege hii kuliko uzuri wake wote.

Mbona Mignet mwenyewe hakufa? Aliruka mara nyingi, na hadi bahari alivuka. Yeye alijua ndege yake, alikuwa na moteri nyepesi, alikuwa anairusha kwa upole, bila kuitupa pua chini. Hakuwahi kuingia kwenye ile pembe ya hatari, basi hakuweza kujua kwamba iko. Kila ruka nzuri ilimpa imani zaidi, lakini hakuna ruka nzuri hata moja yenye ilijaribu mahali pale penyewe. Mtu mmoja na hema lake hawezi kupima kitu kama hicho kwa macho. Inahitaji mizani, ao inahitaji mtu afe.

Wengine walimwita muuaji. Sikubaliani nao, lakini pia sikubaliani na wale wapenzi wake wenye kusema makosa yote ni ya wajenzi. Mtu mwenye anaandikia watu wote «jengeni, rukeni peke yenu» amebeba mzigo mkubwa kuliko mwenye anajijengea peke yake. Nakala moja yenye kosa ni ajali moja. Kitabu chenye kosa kinaingia kwenye magaraji mengi.

Baada ya hapo

Dawa ilijulikana haraka, kwani ugonjwa ulikuwa umejulikana. Mabawa yakatenganishwa zaidi kusudi lile la mbele lisilale juu ya lile la nyuma, umbo la bawa la nyuma likabadilishwa, na wajenzi wakaambiwa mahali kitovu cha uzito kinapaswa kubaki. Michoro ya Mignet yenye ilifwata ilitumia masomo hayo. Lakini jina lilikuwa limeharibika. Mwezi wa 8 mwaka wa 1936 bado zilifanyika mbio za Pou kule Ramsgate, pwani ya Uingereza, na Mfaransa ndiye alishinda. Watu walikuja kuangalia zaidi kuliko kununua mbao. Kisha vita ya 1939 ikafunga anga kwa watu wa raia.

Mignet hakuacha. Baada ya vita alizunguka na michoro yake: Argentina, Brezili, Japani, hata hapa Afrika, kule Maroko. Alifariki mwaka wa 1965. Ndege za ukoo wa Pou, zenye mabawa mawili ya kufwatana na bila pedale, zinajengwa hata sasa. Moja yao ni HM-1000 Balerit, yenye imetoka kwenye familia yake mwenyewe. Wapenzi wake wanakutana kila mwaka Ufaransa.

Wajenzi wengine wa nyumbani walichukua njia tofauti. Mwaka wa 1948 Wafaransa wawili, Joly na Delemontez, walitoa Jodel D.9, ndege ya mbao ya kiti kimoja, lakini yenye mkia wa kawaida, aleroni na pedale. Ilitumiwa sana na moteri ya Volkswagen. Haikuahidi kwamba mtu atajifunza kuruka bila mwalimu. Pengine juu ya hiyo ndiyo maana haikuzusha homa, na pengine juu ya hiyo pia haikuwahi kukatazwa namna ile. Chama cha Wafaransa wenye kujijengea ndege, hata hivyo, kilichukua jina kutoka kitabu cha Mignet: Réseau du Sport de l'Air.

Kitu kimoja cha desturi yao kinafaa kujulikana na kijana yeyote wa Bunia ao Uvira mwenye ana ndoto hiyo. Mjenzi wa Ulaya hangoji ndege iishe ndipo aonyeshe. Mtu mwingine mwenye ujuzi anakuja kuangalia mbao na kole wakati bado viko wazi, mbele ya kufunika kwa kitambaa, kwani baadaye hakuna atakayeona kilicho ndani. Kisha ndege inapimwa kwenye mizani, gurudumu kwa gurudumu, kusudi kitovu cha uzito kijulikane kwa namba. Ndipo serkali inatoa ruhusa ya kuijaribu. Kwetu pia, kurusha chombo chochote chenye kubeba mtu kunaangaliwa na Autorité de l'Aviation Civile, na uwanja si wa kuingia kama soko.

Ndugu zetu wenye kukaa Paris wanaweza kuiona HM.14 kwa macho yao kwenye jumba la ukumbusho la ndege la Le Bourget, Musée de l'Air et de l'Espace. Ni ndogo kuliko unavyofikiri. Simama ubavuni, usimame mbele yake hapana, kisha angalia pale bawa la mbele linaishia na lile la nyuma linaanzia. Ule mwanya unaonekana vizuri.